Wanaolihoji Ziwa

Mwalo wa Katonga, hapa Kigoma, huchangamka kabla jua halijachomoza. Mitumbwi iliyokesha ziwani inaingia mmoja mmoja, wachuuzi wameingia majini hadi magotini na ndoo zao, na bei inapigiwa kelele dagaa wakiwa bado hawajashushwa. Katikati ya pilikapilika hizo husimama mtu mmoja asiyenunua wala kuuza. Ana ubao wenye rula, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli, kwa kuwa wino ukilowa hufutika. Ni mkusanyaji wa takwimu za uvuvi.

"Shikamoo mama. Nakuomba kidogo nipime."

"Marahaba baba. Chukua, ila usinipunguzie sado yangu."

Anachota. Hapo kwenye kuchota ndipo penye ufundi wake wa kwanza, na asiyeujua hawezi kuuona. Mkono wa binadamu hupenda samaki mnono. Ukiuachia uchague, utaokota wakubwa bila mwenyewe kujua, na mwisho wa mwaka daftari litaonyesha neema ambayo ziwani haipo. Kwa hiyo anachota juu ya ndoo, anachota katikati, anachota chini, bila kutazama anachochukua. Kisha anatenganisha. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, ambao wanasayansi wanawaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na mara nyingi katikati yao huwamo vitoto vya migebuka, samaki ambaye akikua huishi kwa kuwala haohao dagaa. Kila mmoja analazwa ubaoni, pua ikigusa ukingo, mkia ukinyooshwa kwa ncha ya kidole. Anasoma milimita, anaandika. Anayefuata. Anayefuata tena. Halafu anamgeukia nahodha: mlikwenda upande gani, mmeshusha wavu mara ngapi, mlikuwa na taa ngapi? Hata mtumbwi uliorudi mtupu anauandika. Siku mitumbwi mitupu ikiachwa nje ya hesabu, takwimu zote za siku hiyo zinakuwa za uongo.

Baadhi ya samaki hao husafiri hadi maabara, na huko kuna kazi ndogo zaidi ya hiyo. Ndani ya kichwa cha dagaa, sikioni, mna kijiwe kidogo kuliko punje ya mchele. Kijiwe hicho hukua kila siku, na kila siku huacha duara jipya juu ya lile la jana. Fundi hukitoa kwa koleo nyembamba, hukisugua taratibu hadi kiwe chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha hukiweka chini ya hadubini na kuanza kuhesabu maduara. Akimaliza anajua samaki huyo aliishi siku ngapi. Kwa kazi za namna hii ndivyo tulivyopata kujua kwamba Stolothrissa hapitishi sana mwaka mmoja duniani. Jambo hilo ni zito kwa mji unaokula na kuuza dagaa: samaki wa mwaka ujao bado hawajazaliwa, na kundi zima linaweza kujaa upesi au kuporomoka upesi.

Kazi hii ina wenyewe. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na ina kituo Kigoma. Kuanzia mwaka 1992 ulikuwapo pia mradi mkubwa wa utafiti wa ziwa, uliofadhiliwa na Finland kupitia Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wenye vituo Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Lakini nimeanza na kijana wa penseli kwa makusudi. Utafiti ukitajwa, wengi wetu tunawaza majoho, shahada na makongamano. Mimi nataka kuusifu kama kazi ya mikono. Katika mwambao huu mmoja, kuanzia Gombe upande wa kaskazini hadi Mahale upande wa kusini, na hata nje yake, wamefanya kazi watu ambao ukiwaweka chumba kimoja watakosa hata la kuzungumza: mhesabu dagaa, mfuata sokwe, mchimba matope, msoma barua za wamisionari, mpima midomo ya samaki, mganga wa miti shamba. Wanachofanana ni kitu kimoja. Kila mmoja amejifunza kutazama jambo dogo, kwa namna ileile, kwa muda mrefu kuliko mtu wa kawaida anavyoweza kuvumilia.

Chukua Gombe. Kutoka Kigoma ni safari fupi ya boti kuelekea kaskazini, milima ikiwa mkono wa kulia. Jane Goodall alishuka pale tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, pamoja na mama yake. Kwa miezi kadhaa sokwe walimkimbia. Novemba mwaka huohuo akamwona dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu na kulichomoa limejaa mchwa, na tangu siku hiyo watu hawakuweza tena kusema kwamba binadamu peke yake ndiye anayetengeneza na kutumia vifaa. Habari hiyo inajulikana, na Goodall alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 91, ilisimuliwa upya dunia nzima. Inayosimuliwa mara chache ni habari ya madaftari.

Kila jioni sokwe hujenga kiota kipya juu ya mti. Mfuatiliaji mzuri hujua kiota cha mlengwa wake kiko wapi, na kabla hakujapambazuka tayari yuko chini ya mti huo. Sokwe akishuka, siku imeanza. Anakokwenda naye anakwenda, na sokwe hachagui njia nzuri. Hupita chini ya miiba ambako binadamu hana budi kutambaa kwa tumbo. Kila baada ya dakika 15 mahali alipo panatiwa alama kwenye ramani. Nani amejiunga, nani ameondoka, amekula nini, nani amemsafisha nani manyoya, vyote vinaandikwa na saa yake. Siku huisha sokwe akilala. Kesho yake wanarudia.

Walioifanya kazi hiyo mwaka baada ya mwaka ni Watanzania, wengi wao wenyeji wa mkoa huu, na maelezo yao wameyaandika kwa Kiswahili. Naomba msomaji atulie hapo kidogo. Moja ya hazina kubwa kabisa za elimu ya wanyama duniani, zaidi ya miaka 60 ya maisha ya jamii moja ya sokwe, kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa lugha yetu, kwa mikono ya watu waliojifunza kazi hiyo msituni. Januari 1974 alikuwa Hilali Matama, mmoja wa wafuatiliaji hao, aliyewashuhudia madume wa kundi moja wakimvamia na kumpiga dume aliyeitwa Godi, wa kundi lililokuwa limejitenga. Ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kwa shambulio la namna hiyo kuandikwa. Miaka minne baadaye kundi lile lililojitenga lilikuwa limekwisha. Wataalamu wanaochunguza chanzo cha vita, kokote waliko, hawawezi kukwepa habari hiyo, na chanzo chake ni macho ya mtu wa Kigoma ambaye hakukimbia wala hakuingilia kati, na aliandika alichokiona.

Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka upande wa pili na kuwateka wanafunzi wanne pale Gombe. Wanafunzi hao waliachiwa baadaye, lakini wageni hawakuruhusiwa tena kukaa kama zamani, na Goodall mwenyewe kwa muda alilazimika kuja na kuondoka. Utafiti ungeweza kufa mwaka ule. Haukufa, kwa sababu wafuatiliaji waliendelea kuamka alfajiri na kwenda chini ya viota. Mimi nauona mwezi ule, na miaka iliyofuata, kuwa ndiyo fahari kubwa ya Gombe, kupita hata bua la nyasi la mwaka 1960.

Kutokana na madaftari hayo yakatokea mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Beatrice Hahn, mtaalamu wa virusi wa Marekani, alitaka kujua kama sokwe wa porini wana kirusi kilicho ndugu wa VVU. Huwezi kumchoma sokwe wa porini sindano. Wafuatiliaji wakakusanya kinyesi na mikojo, wakijua barabara kila sampuli ni ya nani. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2002, na mwaka 2009 likaja jambo lililowashtua madaktari: hadi wakati huo iliaminika kwamba kirusi hicho hakiwadhuru sokwe, lakini Gombe ilionekana kwamba walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule. Aina hiyo ya Gombe siyo iliyoleta UKIMWI kwa binadamu. Iliyotuletea sisi ilitoka kwa sokwe wa magharibi mwa Afrika ya Kati. Hata hivyo, hesabu hiyo isingewezekana mahali ambapo hakuna anayejua sokwe gani alizaliwa lini, mama yake nani, na alikufa lini. Mfuatiliaji aliyeandika kuzaliwa kwa mtoto wa sokwe miaka ya 1980 hakuwa anafanya utafiti wa virusi. Alikuwa anaandika alichokiona.

Sasa tutoke msituni twende majini, tena chini kabisa.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, na sakafu yake iko chini sana kuliko usawa wa bahari. Maji yake ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu. Ukishuka mita kama 100 upande wa kaskazini, au 200 na zaidi upande wa kusini, oksijeni imekwisha. Huko chini hakuna konokono wala mnyoo wa kuvurugavuruga matope. Kinachoanguka hulala kilipoangukia, na cha mwaka unaofuata hulala juu yake. Hivyo matope ya ziwa hili yamejipanga kama kurasa, na ukurasa wa chini ni wa kale kuliko wa juu yake.

Kuzifungua kurasa hizo kunahitaji mkono mtulivu. Bomba refu huzamishwa kutoka chomboni hadi liingie kwenye matope, kisha huvutwa juu polepole lisije likatikisika na kuchanganya karne na karne. Likifika juu hufungwa, hutiwa alama ya juu na chini (kosa la kugeuza bomba linaweza kuharibu kazi yote), hupasuliwa kwa urefu na kukatwa vipande vyembamba. Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona aliendesha kwa miaka kadhaa kuanzia 1998, hapahapa Kigoma, Mradi wa Nyanza, ambao uliwaleta pamoja wanafunzi wa Kiafrika na wa Kimarekani kujifunza kazi hiyo. Nguzo za matope zilizochimbwa mwaka 2004, kusini mwa Kigoma, zilimwezesha Jessica Tierney na wenzake kuchapisha mwaka 2008 historia ya joto na mvua ya miaka 60,000.

Matope hayana kipimajoto. Yana mafuta. Wapo vijidudu vya ziwani ambavyo hubadili umbo la mafuta ya utando wao kadiri maji yanavyopata joto au baridi. Kijidudu hufa, mafuta yake huzama na kubaki. Vivyo hivyo nta inayofunika majani ya miti ya nchi kavu huoshwa na mvua hadi ziwani, na ndani ya nta hiyo mna haidrojeni ya uzito tofauti, kutegemea kama mwaka huo mvua zilikuwa nyingi au haba. Mtafiti huyeyusha mafuta kutoka kwenye matope kidogo, huyachuja, huyapima, na kumbe anasoma ukame wa zamani ambao hakuna mzee wala kitabu kinachoukumbuka. Nimesoma maelezo ya njia hizo tena na tena, na bado kila mara nastaajabu kwamba kuna mtu alifikiria kuuliza swali hilo kwa mafuta ya kijidudu.

Kutoka matopeni tunarudi kwa dagaa. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, upepo umepungua, na kwa hiyo virutubisho vya chini havipandi juu kama zamani. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya majini umepungua kwa karibu asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kumaanisha upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Wengine hawakukubali. Walisema ushahidi hautoshi, na kwamba uvuvi wenyewe umeongezeka mno. Ubishi ukawa mkali, kwenye majarida, kwa miaka. Ndivyo inavyotakiwa, utafiti usiobishiwa hukaa bila kupimwa. Kisha mwaka 2016 Cohen na wenzake wakarudi kwenye matope kwa swali jipya. Walihesabu vipande vya mifupa, meno na magamba ya samaki, ukurasa kwa ukurasa. Wakakuta kwamba kupungua kwa samaki kulianza kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne ya 20, kukienda sambamba na kupanda kwa joto la maji. Hiyo haiwaondolei lawama wavuvi wa leo, kwa sababu ziwa lililodhoofika likivuliwa kupita kiasi huumia zaidi. Lakini sasa tunajua kwamba mvuvi wa Katonga si mkosaji pekee, na tumelijua kwa kuhesabu magamba yaliyozama kabla babu yake hajazaliwa.

Wapo pia wanaosoma ziwa bila kulowa. Wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji, jirani na Kigoma, Februari 1858, Stanley akamkuta Livingstone palepale mwaka 1871, na mwaka 1878 akaja Edward Hore wa Chama cha Wamisionari cha London, ambaye alikuwa baharia na alitazama maji kwa jicho la baharia. Barua za wamisionari wa chama hicho zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Msomi hukaa nazo meza moja, hati ya mkono ikiwa imefifia, akitafuta habari za pembe, chumvi, shanga za kununulia vitu sokoni, na ngoma za usiku. Philip Gooding alichapisha mwaka 2022 historia ya ziwa hili kati ya miaka ya 1830 na 1890, akilitazama kama sehemu ya dunia ya Bahari ya Hindi, na kitabu chake kimejengwa kwa vipande vya namna hiyo. Geert Castryck naye amefuatilia Kigoma na Ujiji kutoka enzi za misafara hadi enzi za reli, iliyofika Kigoma mwaka 1914.

Kinachonifurahisha ni kwamba maandishi ya zamani ya namna hiyo yalisomwa pia na mtaalamu wa hali ya hewa. Sharon Nicholson wa Marekani alizikusanya simulizi za wasafiri wa karne ya 19 ili kujua usawa wa ziwa ulikuwa wapi kabla ya vipimo kuwapo. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alieleza kwamba miti mitatu ya jamii ya michikichi, aliyoiona sokoni mwaka 1871, sasa ilikuwa ndani ya maji. Yeye alikuwa anapamba hadithi ya safari. Kwa Nicholson, miti hiyo ilikuwa kipimo. Wakati ule Lukuga, mto unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Ulipozibuka karibu na mwaka 1878 ziwa likashuka. Maji yalipopanda tena miaka ya 2020 na 2021 na kuingia kwenye bandari na nyumba za mwambaoni, mtu aliyesoma barua za Ujiji alikuwa na cha kulinganisha.

Kati ya wageni wa zamani, J.E.S. Moore naye anastahili maneno machache. Mwingereza huyu alikuja mwishoni mwa karne ya 19, akaona konokono wa Tanganyika wenye makombe mazito kama ya baharini, akashikilia kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. Hakuwa sahihi, ziwa limetokana na kupasuka kwa ardhi katika Bonde la Ufa, na konokono wake wamebadilika humuhumu kwa mamilioni ya miaka. Ila mikusanyo yake ya wanyama ilibaki, na waliokuja baada yake waliitumia. Ni Moore huyohuyo aliyeshirikiana na J.B. Farmer mwaka 1905 kuupa jina la meiosisi ule mgawanyiko wa seli unaofundishwa leo kidato kwa kidato. Mwanafunzi wa Ujiji anayelikariri neno hilo hajaambiwa kwamba aliyelitunga alipata kukanyaga mwambao wake.

Upande wa Kongo, karibu na Uvira, Michio Hori wa Japani alishughulika na samaki mdogo aitwaye Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Huja kwa nyuma na kunyofoa. Mdomo wake umepinda: wengine umepinda kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu mmoja tu. Hori alikusanya samaki hao mwaka baada ya mwaka na kuhesabu midomo. Wa kulia wakizidi, wanaoshambuliwa huzoea kulinda ubavu ule, na wa kushoto ndio wanaoshiba; baada ya muda hesabu inageuka. Mizani inayumba huku na huku ikikaribia nusu kwa nusu. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science mwaka 1993, na sasa yamo kwenye vitabu vya mageuzi. Fikiria tu kikao cha kuomba fedha: naomba nihesabu midomo ya samaki wala magamba. Heri yao waliokubali.

Sasa Mahale, ambako Wajapani wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakiongozwa na Toshisada Nishida, walianza kazi mwaka 1965. Novemba 1987 Michael Huffman alikuwa anamfuata sokwe jike aitwaye Chausiku, akiwa pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyekuwa msaidizi wa utafiti na pia mganga. Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, analala mchana. Akakiendea kichaka fulani, akavuta tawi, akalimenya ganda na majani, akatafuna moyo wake, akamumunya maji machungu na kutema makapi. Huffman hakukijua kichaka hicho. Mzee Seifu alikijua: Watongwe wanakiita mjonso, na ni dawa yao ya tumbo na homa. Kitaalamu ni Vernonia amygdalina, mmea mchungu sana, ambao sokwe hauli ovyoovyo kama chakula. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu. Wanakemia wa Kyoto wakaupasua moyo wa mmea huo na kukuta humo kemikali zinazodhuru vimelea. Makala ya mwaka 1989 iliyofungua uwanja huo ina majina mawili, Huffman na Seifu, na ndivyo ilivyostahili. Bila mganga, mtafiti angeandika kwamba sokwe alitafuna mti.

Mtu akiniuliza mambo haya yote yana faida gani kwa mji wa dagaa na mawese, nitamwonyesha uamuzi mmoja. Mwaka 2019 watafiti, wengi wao wa Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya Stolothrissa kutoka kaskazini hadi kusini mwa ziwa. Hawakuona koo zilizotengana. Yaani dagaa wa Burundi, wa Kongo, wa Kigoma na wa Zambia ni kundi moja, na nchi moja ikivua ovyo inavua vya wote. Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na majirani, hoja ya kupumzisha ziwa lote kwa pamoja ilikuwa na mizizi katika kazi za aina hii: vijiwe vya masikioni, urefu kwa milimita, vinasaba, matope.

Miezi mitatu bila ziwa ni mirefu kwa mama anayeanika dagaa kwenye chanja. Aliilipa kwa ada za shule na chakula cha watoto. Ndiyo maana nasema, kwa heshima yote niliyo nayo kwa kazi hii, kwamba mama huyo ana deni analodai. Ndoo yake imechotwa miaka nenda miaka rudi, na majibu yamechapishwa kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo wachache mno Kigoma wanayaona. Madaftari ya Gombe yaliandikwa kwa Kiswahili, lakini vitabu vilivyotokana nayo kwa sehemu kubwa havipo kwa Kiswahili.

Ombi langu kwa kila mtafiti anayekuja Kigoma, Mtanzania au mgeni, ni dogo. Kabla hujafunga mizigo, andika kurasa mbili za Kiswahili chepesi: uliuliza nini, ulipimaje, umepata nini, na nani alikusaidia, kwa jina lake. Nakala moja mpelekee mwenyekiti wa wavuvi na wachakataji, nyingine walimu wa sayansi na historia wa sekondari za Kigoma na Ujiji. Na nyinyi walimu mkizipata, msizifungie kabatini.